Mafuta ya nazi ya mama yaliganda Arusha, na mikono yangu ikachanika

Mwaka wa kwanza nilipohamia Arusha kutoka Tanga mama alinitumia chupa ya mafuta ya nazi kwa basi, yale ya kukuna na kupika mwenyewe, ukifungua tu mfuniko unajiona uko jikoni kwetu Chumbageni. Ilikuwa mwezi wa saba. Nikayapokea stendi jioni nikayaweka mezani, asubuhi naamka nakuta chupa nzima imeganda, nyeupe kama mafuta ya kupikia ya kopo. Nikampigia, "Shikamoo mama, hivi hizo nazi ulizonunua zilikuwa nzima kweli?" Akanijibu kwa ukali kidogo, "Mwanangu, hayo mafuta nimeyakamua kwa mikono yangu hii." Kumbe hakuna aliyekosea. Mafuta ya nazi yanaganda joto likishuka chini ya nyuzi 24 hivi, na Arusha mwezi wa saba kuna siku hata saa nane mchana hatufiki huko.

Nimeanza na hiyo chupa kwa sababu mimi nilikuwa nalaumu mafuta wakati kilichobadilika ni hewa. Tanga uko usawa wa bahari, hewa nzito ina unyevu, unatoka jasho mwaka mzima, mafuta ya nazi kidogo baada ya kuoga yanakutosha mpaka kesho. Arusha mjini ni kama mita 1,400 juu, hewa ya baridi inabeba mvuke kidogo, halafu ikija Januari na Februari kuna jua kali na upepo na vumbi. Na sisi wenyewe kwa ajili ya baridi tunaoga maji ya moto sana, tena wengine kwa sabuni ya mche ile ya kufulia, ambayo inachukua hata yale mafuta kidogo ambayo ngozi imejitengenezea yenyewe. Ndani ya miezi miwili miguu yangu ilikuwa imepauka kiasi kwamba ukipitisha ukucha unachora mstari mweupe, vile tulivyokuwa tunaandikana majina kwenye miguu shule ya msingi.

Ila miguu unaifunika na sketi. Tatizo lilikuwa mikono. Mimi ni fundi cherehani, na mtu ambaye hajawahi kushona satini hawezi kuelewa vidole vikavu ni janga gani, yaani ukiteleza mkono juu ya kitambaa ngozi inanasa, inavuta uzi, na ukishavuta uzi kwenye satini umeharibu, haurudi. Chaki ya kuchorea inakausha mikono, kitambaa kipya chenye wanga kinakausha, na kila ukishika nguo nyeupe lazima unawe kwanza. Niliharibu kipande cha mbele cha gauni la sendofu la dada mmoja nikalazimika kununua kitambaa kingine kwa hela yangu. Iliniuma sana, sio hela tu, ni kwamba mtu amekuamini na siku yake halafu unamharibia.

Hapo ndo nikaanza kununua kila kitu. Losheni za kila rangi, glisirini, shea bata, mafuta ya parachichi. Glisirini nilijipaka yenyewe kavu kavu mwezi wa kwanza, ikawa inanata na vumbi lote likaganda mikononi, na bado nilikuwa nasikia ngozi inavuta. Fundi mwenzangu akanionea huruma akaniletea krimu ya tyubu, akasema hii dada ni wiki moja tu utanishukuru. Na kweli, wiki moja mikono ikawa laini ya mtoto mchanga, tena ikawa na mng'ao. Nikaitumia miezi mitatu. Halafu ngozi ya juu ya mikono ikaanza kuwa nyembamba, mishipa inaonekana, wekundu kwenye viungo vya vidole, nikigusa ndimu tu ni moto, na nikiacha krimu siku mbili inakuwa mbaya kuliko mwanzo. Niliogopa.

Mteja wangu mmoja mama wa Machame ndo aliniambia, "Mwanangu acha kuzunguka madukani, nenda hospitali ya KCMC pale Moshi." Watu wengi wa huku hawajui tuna hazina gani pale, kile kituo cha mafunzo ya magonjwa ya ngozi kipo tangu 1992, madaktari kutoka nchi nyingi za Afrika wanakuja kusomea ngozi Moshi, na ndo hapohapo wanatengeneza mafuta ya kuzuia jua kwa ajili ya wenzetu wenye ualbino. Ni kilomita 80 hivi, nikapanda kosta asubuhi na mfuko wa vitu vyangu vyote nilivyokuwa najipaka, na nakushauri ukienda kwa daktari wa ngozi ufanye hivyohivyo, beba vyote.

Daktari alitoa ile tyubu akasoma pembeni maandishi madogo: klobetasoli. Ni dawa, steroidi, na ni miongoni mwa zile kali kabisa za kupaka. Ina kazi yake, daktari anakupa kwa muda maalumu sehemu maalumu, lakini sio ya kujipaka kila siku kama losheni, maana inapunguza unene wa ngozi. Nilitokwa na machozi pale kwenye kiti kwa sababu nilikuwa naamini naitibu mikono yangu. Akanipangia namna ya kuiacha polepole, usiikatishe ghafla kwa akili yako kama umeitumia muda mrefu, muone daktari. Na wadada naomba niseme hili nikiwa hapahapa: ukiona krimu inalainisha na "kung'arisha" haraka hivyo jiulize ndani kuna nini. Haidrokwinoni na zebaki, vile vya kuchubua ngozi, ni marufuku kwenye vipodozi hapa kwetu, TBS, shirika la viwango, ndo wanasimamia vipodozi tangu 2019, lakini bado vipo vinauzwa mitaani, na mkorogo unaochanganywa kwenye ndoo hauna hata maandishi ya kusoma.

Halafu ndo akanieleza kitu ambacho kingeniokolea hela nyingi sana kama ningekijua mapema. Mafuta hayaongezi maji kwenye ngozi. Yanazuia yaliyopo yasitoke. Mimi nikalielewa kijikoni: mfuniko haupiki wali, unazuia mvuke, sasa ukifunika sufuria isiyo na maji umefanya nini? Nilikuwa naoga, najifuta mpaka nakauka kabisa, nakunywa chai, navaa, halafu ndo nakumbuka kujipaka. Nafunika sufuria kavu.

Kwa hiyo siku hizi naoga maji ya uvuguvugu, sikai muda mrefu, sabuni naweka penye kuhitaji tu, najifuta kwa kugusisha taulo, na ngozi ikiwa bado na unyevunyevu najipaka hapohapo bafuni, dakika tatu hazijaisha. Hilo peke yake, kabla sijabadilisha hata chupa moja, lilipunguza mpauko wa miguu.

Sasa kwenye kuchagua. Kuna vitu vinavyovuta maji na kuyashika, kama glisirini na yurea. Kuna vinavyojaza mianya ya ngozi ikawa laini, kama shea na mafuta ya mimea na zile seramaidi ambazo hata ngozi yenyewe inazitengeneza. Na kuna vinavyofunga juu, na hapo mfalme bado ni mafuta ya mgando. Ngozi kavu kawaida unaweza ukaishi na kimoja, ngozi kavu sana inataka kile cha kuvuta maji na juu yake kile cha kufunga. Ndo maana glisirini yangu ilishindwa, ilikuwa inatafuta maji kwenye hewa kavu ya Januari haipati, inayavuta ya kwangu mwenyewe ya ndani, na juu hamna kilichofunga. Ichanganye na maji au na losheni, paka kwenye ngozi yenye unyevu, halafu mgando kiduchu juu. Glisirini ileile utaiona nyingine.

Wateja wananiambia mgando ni petroli eti unaleta magonjwa. Ni kweli unatokana na mafuta ghafi, Robert Chesebrough aliusajili Marekani mwaka 1872 kwa jina la Vaseline, lakini ule unaouzwa wa kupaka umesafishwa sana, na mpaka leo hospitalini madaktari wa ngozi wanauandika. Hauna manukato ukichagua ule mtupu, na ni wa bei ya chini. Sioni kwa nini mtu wa kipato cha kawaida ajisikie vibaya kwamba hajanunua krimu ya elfu sitini.

Jambo lingine angalia uzito wake. Losheni ya kumiminika ina maji mengi kuliko krimu, na krimu ina maji kuliko yale mafuta mazito ya kopo. Losheni ni nzuri kwa mtu wa Tanga. Mtu wa Arusha mwenye ngozi inayopasuka mwezi wa saba anajipaka losheni saa mbili, saa nne tayari kapauka, anasema losheni feki. Sio feki, ni nyepesi. Kingine geuza chupa, viungo vinaandikwa kuanzia kilicho kingi kwenda kilicho kidogo, kwa hiyo kama mbele ya chupa wamechora parachichi kubwa halafu nyuma parachichi ni la mwisho baada ya manukato, umenunua picha. Na kama ngozi yako inawasha kirahisi, kitu chenye harufu kali kiache hata kama kimeandikwa cha asili.

Kwenye mafuta ya mimea hili lilinishangaza. Zeituni tunayaheshimu sana, kanisani na misikitini, na mimi nilikuwa nampaka mwanangu kila siku. Lakini kuna utafiti wa Uingereza uliochapishwa 2013, watu wazima wakapakwa zeituni kwenye mkono, na kinga ya ngozi ikaonekana kudhoofika, wakati alizeti haikufanya hivyo. Sababu ni aina ya asidi ya mafuta iliyomo, zeituni ina oleiki nyingi, alizeti ina linoleiki ambayo ngozi inaihitaji. Parachichi nalo lina oleiki nyingi. Kwa hiyo kwa mtoto mwenye pumu ya ngozi siku hizi simpaki zeituni, na yule wangu nilimhamishia kwenye mgando.

Mikono ya fundi ina shida yake, siwezi kushika satini nikiwa na mgando, doa la mafuta nalo halitoki. Mchana natumia krimu ya mikono yenye glisirini na dimethikoni, ambayo ni aina ya silikoni, inakauka haiachi utelezi, napaka kila nikishanawa, nasubiri kama dakika kumi nikipanga vifungo au nikijibu simu, ndo nashika kitambaa cha mteja. Usiku ndo kazi yenyewe. Nanawa, sijikaushi sana, napaka krimu ya yurea asilimia 10, juu yake mgando, halafu navaa glovu nilizojishonea mwenyewe kwa vipande vya pamba vinavyobaki kwenye mashati. Miguuni hivyohivyo na soksi, ila kwenye magaga yurea inatakiwa iwe na nguvu zaidi, asilimia 20 na kuendelea, na usiipake kwenye ufa uliofunguka unatoa damu, itachoma vibaya, hapo anza na mgando mtupu mpaka ufunge. Watoto wadogo usiwapake yurea bila kuuliza. Na tafadhali sana, kitambaa kilicholowa haya mafuta kinashika moto haraka, sisi tunaokaa na jiko la mkaa na pasi ya mkaa ndani ya chumba kimoja, glovu na soksi hizo ziwe mbali kabisa na moto na zifuliwe mara kwa mara.

Ilichukua kama wiki tatu vidole kuacha kunasa, na ule wembamba ulioletwa na krimu ulichelewa zaidi, karibu mwaka. Ukifanya haya yote na bado unawashwa usiku hulali, au panatoa usaha, au ngozi imekauka ghafla mwili mzima na huko nyuma hukuwa hivyo, nenda hospitali, maana kisukari na ugonjwa wa tezi ya shingoni navyo vinakausha ngozi na hakuna krimu itakayotibu hilo.

Mama bado ananitumia mafuta ya nazi. Nilimweleza yote haya kwa simu akasikiliza mpaka mwisho, halafu akauliza, "Kwa hiyo yangu huyataki tena?" Nayataka mama. Nayapaka miguuni nikitoka kuoga, ngozi ikiwa bado na maji, ndo mgando unafuata juu. Juzi dada yule wa sendofu alileta satini nyingine, ya ubatizo wa mtoto wake, rangi ya maziwa, mita tatu. Nimeikata jana usiku na haijavutika uzi hata mmoja. Na asubuhi hii nimeichukua chupa ya mama nikaitumbukiza kwenye bakuli la maji ya uvuguvugu, nasubiri iyeyuke nikaoge.