Utepe wenye kiuno

Leo nimekata utepe wangu wa kwanza kutoka kwenye kitanda cha mfumi. Kukiita kitanda ni kukikweza kidogo: ni fremu ya mbao yenye vigingi, naipakata mapajani. Mtande, yaani nyuzi za urefu, unazungushwa kwenye vigingi hivyo, uzi mmoja unapita ndani ya kitanzi kilichofungwa kwenye fremu, unaofuata unapita huru, hivyo hivyo hadi mwisho. Mimi nilitanda nyuzi 40. Ukiziinua zile huru kwa mkono, mwanya unafunguka. Ukizishusha chini ya wenzao, unafunguka mwanya wa pili. Kwenye kila mwanya unapitisha mshindio, yaani uzi wa kukata upana, unaugonga ukae. Basi.

Kumbe mshindio wenyewe hauonekani! Mtande umebanana hadi unaufunika, isipokuwa pembeni pale unapogeuka. Nami nilikuwa nimechagua mshindio mwekundu, nikiota mistari myekundu. Nikaambulia vidoa pembeni, kama macho ya mtu aliyekesha.

Na huo usioonekana ndio unaoamua upana. Nilianza na sentimita 3. Kila nilipopitisha uzi niliuvuta, nikiogopa kuacha vitanzi vinavyoning'inia, na utepe ukawa unakonda kimyakimya. Nilipokuja kushtuka, rula ilisema 2. Nikalegeza mkono, ukanenepa tena. Sasa ukiulaza mezani una kiuno.

Dawa nimeipata siku ya tatu: usiuvute uzi papo hapo. Acha kitanzi kidogo pembeni, badilisha mwanya, ndipo ukivute taratibu mpaka kizame, huku kidole gumba kikipapasa ukingo. Ukingo ukiwa sawa, kidole kinateleza. Ukiwa umekosea, kinakwama. Macho yangu hayakuweza kuona tofauti hiyo, kidole kiliiona.

Kuna kosa jingine, hilo nimelipenda. Nilikuwa natanda nyeupe, nyeusi, nyeupe, nyeusi, ili nipate vijistari vya kukata upana kama ngazi, maana nyeupe zote zinapanda pamoja na nyeusi zote zinapanda pamoja. Katikati nikasahau hesabu (nilikuwa napiga soga), nikaweka nyeupe mbili zikifuatana. Vitanzi vilikuwa sawa, rangi ndizo zilizoruka. Matokeo yake, kuanzia hapo zamu zimegeuka: kushoto ikipanda nyeupe, kulia inapanda nyeusi. Ngazi imepasuka ikawa vyumba vya ubao wa drafti. Ningejitahidi kubuni hivyo nisingeweza.

Kipande cha mwisho hakikufumika. Utepe ulifika karibu mno na vitanzi vya fremu, mwanya ukagoma kufunguka. Nikakata, nikafunga vifundo.

Kesho natanda upya. Mshindio na nyuzi za pembeni zitakuwa rangi moja, na nyeupe mbili nitaziweka kwa makusudi, mahali patatu. Soga nitapiga nikishamaliza kuhesabu.