Nane Nane: kazi ya kujitolea inaanzia kwenye kipando

Maonesho ya Nane Nane yanafunguliwa tarehe 1 Agosti na kufikia kilele tarehe 8, Siku ya Wakulima. Anayetaka kujitolea akasubiri hadi Agosti ifike, kazi atakayoikuta ni kugawa vipeperushi na kupanga viti. Kazi yenye utamu wake ni ya kipando, yaani kile kishamba cha mfano kinachooteshwa uwanjani ili wageni wakione, na kipando hakisubiri. Ukitembea viwanja vya maonesho vya Nzuguni pale Dodoma, au John Mwakangale Mbeya, au Themi Arusha, ile mistari ya kabichi, mtama na alizeti unayoiona imestawi katikati ya kiangazi haikuota yenyewe. Mvua za Dodoma zinaisha Aprili. Kila jani la kijani utakaloliona Agosti limebebewa maji na mtu.

Pa kuanzia ni ofisi ya kilimo ya halmashauri yako. Ulizia afisa ugani anayesimamia vipando vya mwaka huu, na umwambie siku unazoweza kuja, tena uziseme kwa ukweli. Mtu mmoja anayekuja kila Jumanne na Ijumaa bila kukosa ana faida kuliko watu kumi wanaokuja wakikumbuka. Vyuo vya kilimo, vituo vya utafiti na vikundi vya wakulima navyo huwa na maeneo yao uwanjani, na mikono haijawahi kuwatosha.

Kitu cha kwanza ni kuhesabu siku kurudi nyuma kutoka 1 Agosti, na hapo ndipo vipando vingi vinapoharibikia. Zao linakuwa changa mno wageni wakifika, au limeshakauka. Kitunguu maji kinatangulia wote: kinakaa kitaluni kama wiki sita, kisha shambani zaidi ya miezi mitatu, kwa hiyo mbegu iwe imemwagwa kufikia katikati ya Machi. Nyanya inataka wiki nne za kitalu na siku 75 hadi 90 baada ya kuhamishwa, basi mbegu iwe chini katikati ya Aprili. Karoti unaipanda moja kwa moja shambani wiki ya kwanza ya Mei. Mahindi ya muda mfupi, kama unataka yawe mabichi ya kuchoma wakati wa maonesho, kwa Dodoma ni karibu tarehe 13 Mei. Mchicha unakuja mwisho kabisa: wiki ya kwanza ya Julai, halafu tuta jingine wiki inayofuata, ili hata siku ya kilele pawe na mchicha laini.

Hesabu hiyo haihamishiki hivi hivi kwenda Mbeya. Kipupwe cha huko kinachelewesha mimea, na mahindi yanaweza kuhitaji wiki tatu hadi nne za ziada. Popote ulipo, panda kwa awamu mbili zilizopishana siku 10 hadi 14. Awamu moja ikikosea, nyingine inakuokoa.

Tuchukue kipando cha mahindi cha mita 5 kwa 5. Ukiacha sentimita 75 kati ya mistari na kuanza mstari wa kwanza sentimita 25 kutoka ukingoni, unapata mistari 7. Shimo hadi shimo sentimita 60, unapata mashimo 8 kwa mstari, yaani 56 kwa jumla. Weka mbegu tatu kila shimo, na wiki mbili baadaye punguza zibaki mbili zenye nguvu: mimea 112. Tumia kamba yenye mafundo. Mgeni hahitaji kuwa mtaalamu kuona mstari uliopinda, na mkulima akishauona haamini tena maelezo yako mengine.

Mbolea ya kupandia, DAP, ni kifuniko kimoja cha soda kwa kila shimo. Ifunike na udongo kidogo kabla ya kuweka mbegu, kwa sababu mbegu ikigusana na mbolea huungua na shimo linabaki tupu. Mahindi yakifika magotini weka mbolea ya kukuzia, CAN, kifuniko kimoja tena, sentimita kama 10 kutoka kwenye shina, na mwagilia siku hiyo hiyo. Na usipande mstari mmoja mrefu kandokando ya banda eti uwe pambo. Mahindi huchavushwa kwa upepo, na chavua ya mstari mmoja inapeperukia pembeni. Utapata magunzi yenye mapengo, na kila mtu atakuuliza kwa nini.

Maji ndiyo kazi yenyewe. Kwa jua na upepo wa Dodoma wa Julai, kipando cha mita 25 za mraba kilichokua kinatumia takriban lita 125 kwa siku, yaani ndoo sita za lita 20 na robo hivi. Ukimwagilia kila siku ya tatu, andaa ndoo 19. Mwagilia kabla ya saa mbili asubuhi, polepole, kwenye shina, si juu ya majani. Nyanya iliyolowana majani ni kama umeualika ugonjwa wa bakajani. Siku ambazo maji hayatakiwi kukosekana hata kidogo ni zile mahindi yanapotoa mbelewele na ndevu, kwa sababu ndevu zikikauka kabla ya kupokea chavua, punje hazijai. Ndiyo maana kila kipando kinahitaji pipa la akiba. Maji ya bomba uwanjani yanaweza kukatika siku yoyote, na hasa wiki ile ambayo mabanda yote yanajengwa na kila fundi anachanganya zege.

Alizeti ina siri yake. Ikipandwa wiki ya mwisho ya Mei inafungua maua Agosti inapoingia. Ikiwa changa hufuata jua kutwa nzima, lakini ua likishafunguka na kukomaa hutulia likitazama mashariki. Kwa hiyo njia ya wageni ipite upande wa mashariki wa kipando. Ukiiweka magharibi, watu watapiga picha visogo vya alizeti siku nane mfululizo. Ni jambo dogo, halina gharama, na linataka tu mtu aliyefikiria mwezi Mei atasimama wapi mwezi Agosti.

Wadudu na ndege wanakuja bila mwaliko. Kagua moyo wa kila mhindi mara mbili kwa wiki. Ukiona majani yana matundu na pana kitu kama unga wa mbao mbichi, fungua taratibu: kiwavijeshi vamizi yumo ndani, kichwani ana alama ya Y iliyopinduliwa. Kwa mimea 112 huhitaji pampu. Mtoe kwa mkono, umponde. Kama mtapulizia dawa, soma kibandiko kuona siku za kusubiri, na mbogamboga zitakazoonjwa zisiguswe kabisa wiki za mwisho. Mtama na uwele vinapoanza kujaa, funika masuke kwa chandarua au mifuko ya karatasi. Kundi la kwelea kwelea likitua asubuhi moja, kipando kimekwisha kabla hujamaliza kufunga mlango wa nyumba yako.

Kibao cha kipando kiandikwe kwa rangi, si karatasi ya kompyuta iliyobandikwa, maana vumbi na umande vinaimaliza kwa siku mbili. Andika zao, jina la aina ya mbegu, tarehe ya kupandwa, nafasi, mbolea na kiasi chake. Jina la zao liwe na herufi zisizopungua sentimita 5. Watu wanasoma wakitembea, mara nyingi wakiwa wameshika mtoto.

Kwenye mabanda ya mifugo kazi ni nyingine, nami naigusa kwa ufupi. Ng'ombe wa maziwa asafiri na kibali cha afisa mifugo, aje na majani yale yale aliyozoea nyumbani, kwa sababu akibadilishiwa chakula ghafla maziwa hupungua siku ambayo watu wamekuja kuyaona. Anakunywa lita 60 na zaidi kwa siku. Afungwe wageni wasiweze kumzunguka nyuma.

Wageni wakishaanza kuingia, kazi yako inakuwa kujibu. Maswali hayako mengi: mbegu hii inapatikana wapi, inakomaa siku ngapi, ekari inatoa magunia mangapi, inavumilia ukame. Jibu unachokijua, na usichokijua mpeleke mwuliza kwa bwana shamba. Mzee akiinama kuuchota udongo na kuusugua kati ya vidole, mwache amalize kwanza, halafu umsalimie shikamoo na kumwuliza kwake analima nini. Mara nyingi hapo ndipo utakaposikia mbinu ambayo haimo kwenye kipeperushi chochote. Wanafunzi wapokee kwa vikundi vya 15 hivi, na kila mmoja apewe kitu cha kushika: mbegu, jani la giligilani la kufikicha, sungura mpole. Mtoto aliyeshika kitu ataenda nacho nyumbani kichwani.

Raha zenyewe za kazi hii ni ndogo na ziko nyingi. Saa kumi na mbili na nusu asubuhi, geti halijafunguliwa, umande umekaa kwenye majani ya kabichi kwa vitone vizima vizima, na udongo uliomwagiliwa unanuka vizuri. Saa nne kuna chai ya tangawizi na mihogo ya kuchemsha kwa mama lishe nyuma ya mabanda, na pale unakaa benchi moja na mfugaji wa kuku, fundi wa trekta na mrina asali. Jioni kuna juisi ya miwa iliyokamuliwa na limau mbele ya macho yako.

Iliyo bora kuliko zote, kwangu, ni hindi la kipando. Chagua lile ambalo ndevu zimekauka na kuwa kahawia lakini maganda bado ni mabichi. Fungua ncha kidogo, bonyeza punje kwa ukucha: ikitoa maziwa, liko tayari, ikitoa maji, liache siku tatu. Utamu wake unaanza kugeuka wanga mara tu likichumwa, kwa hiyo mkaa uwashwe kwanza, ndipo mtu aende kuchuma. Ligeuze geuze juu ya mkaa usio na moto wa kuruka, kama dakika kumi, lipakwe ndimu yenye chumvi na pilipili. Anayenunua hindi mjini, lililochumwa jana na kusafiri kwenye gunia, hajui tofauti iliyopo.

Kubalianeni mapema, kabla ya tarehe 1, mazao yatakwenda wapi baada ya kilele, kwa sababu jioni ya tarehe 8 kila mtu anataka kabichi. Kituo cha watoto kilicho karibu ni jibu zuri. Mabua mpelekee mwenye ng'ombe wa banda la jirani. Kusanyeni mipira ya maji na ndoo, rudisheni mapipa, na kwenye daftari la kipando andikeni tarehe halisi ambayo kila zao lilikuwa tayari, pamoja na aina ya mbegu. Afisa ugani atakayehesabu siku za mwakani anaihitaji orodha hiyo kabla Machi haijafika.