Uzoefu wangu: nilivyopata uhadhiri wa siasa za kimataifa Uingereza

Kila ninapoulizwa nilipataje kazi ya kufundisha siasa za kimataifa na usalama Uingereza, naona muulizaji anasubiri nimtaje aliyenibeba. Sikubebwa na mtu, nilibebwa na jedwali. Nitalieleza, ila kwanza niseme kuhusu ushauri ulionilia karibu mwaka mzima.

Ushauri wenyewe: andika barua moja kali, itume kila mahali, jiuze kama mtaalamu wa Afrika. Ulitoka kwa watu wema, wengi wao wakiwa Marekani, na hapo ndipo tatizo lilipoanzia. Marekani matangazo humwagika Agosti hadi Oktoba kwa kazi ya mwaka unaofuata. Wanataka barua, maelezo ya utafiti, maelezo ya ufundishaji, sampuli ya maandishi yako na barua tatu za wadhamini, ambazo mara nyingi hutumwa mapema kupitia Interfolio, tovuti ya kuhifadhi na kutuma nyaraka za maombi (nililipa kama dola sitini hivi kwa mwaka). Uingereza ni habari nyingine kabisa. Matangazo hutoka mwaka mzima kwenye jobs.ac.uk, tovuti ya kazi za vyuo, hukaa wiki tatu au nne, wadhamini unawataja majina tu wakaulizwa baadaye. Na barua yako hata iwe tamu vipi, inapigiwa alama kama mtihani.

Hilo la alama sikuambiwa na mtu. Tangazo huja na hati ya pili, kurasa mbili tatu, ambayo waombaji wengi hawaifungui. Humo mna orodha ya sifa: za lazima na za ziada. Mara nyingi kuna na safu inayoonyesha sifa ipi itapimwa kwenye fomu, ipi kwenye wasilisho, ipi kwenye usaili. Anayechuja anakaa na orodha hiyo pembeni ya rundo la maombi. Asipoiona sifa ya lazima, umetoka, hata kama kila mtu anajua unayo.

Mimi nilitolewa kwa upuuzi. Chuo kimoja kilikuwa na kisanduku cha maelezo ya kujieleza mbali na sehemu ya kupakia barua. Nikaandika humo: "Tafadhali soma barua yangu." Niliona nimeokoa muda! Nilipoomba mrejesho, nikajibiwa kwa adabu kwamba sikuonyesha ushahidi wa kusahihisha kazi za wanafunzi wala wa kushughulikia wanafunzi wenye matatizo binafsi. Nimesahihisha mitihani ya watu mia nne kwa kalamu nyekundu na feni mbovu, halafu sina ushahidi! Na kweli sikuwa nao, maana kwenye barua nilijaza kurasa mbili za nadharia.

Jedwali basi. Fungua ukurasa mtupu, weka safu tatu. Ya kwanza, nakili kila sifa neno kwa neno kama walivyoiandika. Ya pili, weka ushahidi mmoja tu, wenye namba: somo gani, wanafunzi wangapi, muhula upi, ulifanya nini. Ya tatu, andika kilichotokea: ulibadilisha nini, nani alikiona. Ukimaliza, safu zigeuze kuwa aya, na kila aya ianze na sifa yenyewe kama kichwa kidogo. Inasomeka kavu. Iache hivyo hivyo, msomaji wako anatafuta pa kuweka tiki. Sifa za lazima zikiwa kumi na moja, vichwa viwe kumi na moja, hata kile cha "uwezo wa kufanya kazi na wenzako" ambacho sote tunakidharau. Na ukibandika kwenye visanduku vya tovuti, herufi nzito na vitone hupotea, kwa hiyo vichwa viandike kwa herufi kubwa.

Baada ya kuanza kutumia jedwali, maombi matano yalizaa usaili mara mbili. Kabla yake nilituma kumi na manne, nikapata ukimya na barua za pole.

Jambo la pili ni kusoma jina la idara. "Usalama" si neno moja huko. Aberystwyth, Wales, ndiko ilikoanzishwa idara ya kwanza ya siasa za kimataifa duniani, mwaka 1919, na ndiko kulikokomaa mkondo wa kina Ken Booth, mwanazuoni wa usalama aliyeandika mwaka 1991 kwamba usalama ni ukombozi wa mtu kabla ya kuwa ulinzi wa dola. King's College London wana idara ya masomo ya vita. Bradford wana masomo ya amani tangu miaka ya 1970. Utafiti ni uleule, lakini aya ya kwanza haiwezi kuwa moja. Mimi naandika kuhusu vikosi vya kikanda mashariki mwa Kongo. Kwa watu wa vita nilianza na amri, vifaa na mamlaka ya kutumia nguvu. Kwa watu wa amani nilianza na wakazi wa Goma wanaoona kikosi kimoja kikifungasha na kingine kikishusha mizigo.

Hapo ndipo pia "mtaalamu wa Afrika" inapokuponza. Tangazo likisema siasa za kimataifa, wanatafuta mtu wa kufundisha somo la utangulizi kwa mwaka wa kwanza: vita baridi, Umoja wa Mataifa, silaha za nyuklia. Ukijibana kwenye bara moja wanakupongeza kisha wanamchukua mwingine. Kongo yangu niliigeuza kuwa swali: kwa nini serikali inayoalika kikosi huchoka nacho haraka na kualika kingine? Kikosi cha Afrika Mashariki kiliingia Novemba 2022, kikaondoka Desemba 2023, na mwezi huohuo kile cha SADC, jumuiya ya nchi za kusini mwa Afrika, kikaanza kuingia. Swali hilo hata mtu wa NATO analielewa.

Kuna mtego wa fani hii peke yake. Shuka mpaka mwisho wa tangazo uangalie kama kazi inategemea uchunguzi wa kiusalama, yaani serikali kukuchunguza wewe kabla ya kuajiriwa. Nafasi za kufundisha maofisa wa jeshi Uingereza huwa na sharti hilo, na ngazi inayotakiwa kwa kawaida hudai uwe umeishi nchini humo miaka mitano. Vyuo vya kijeshi vya Marekani kwa kawaida hutaka uraia kabisa. Nilipoteza wikiendi nzima kwa moja ya hizo.

Na saa. Mwisho wa kutuma saa 23:59 ya Uingereza ni saa nane kasoro dakika moja usiku kwetu wakati wa kiangazi chao, saa tisa kasoro dakika moja wakati wa baridi. Ila matangazo mengine hufungwa mchana, na mengine yana sentensi kwamba yanaweza kufungwa mapema maombi yakitosha. Hayo tuma wiki ya kwanza.

Kwenye usaili nilianguka mara ya kwanza kwa kujitakia. Walinipa dakika kumi na tano. Nikaja na slaidi kumi na tisa, nikaanzia Mkutano wa Berlin wa 1884. Mwenyekiti aliponiambia zimebaki dakika mbili nilikuwa Lumumba hajauawa bado. Matokeo ya utafiti wangu jopo halikuyasikia mpaka leo. Mara ya pili: slaidi sita, sentensi ya kwanza ikiwa jibu, ya pili ikiwa swali. Dakika nne za mwisho nikaonyesha jinsi ningelifundisha jambo hilo kwenye semina ya saa moja, wanafunzi kumi na wanane, nusu upande wa Kinshasa, nusu upande wa nchi zinazochangia askari. Karibu maswali yote yalitoka kwenye zile dakika nne.

Jiandae na swali la REF, lile zoezi la kupima ubora wa utafiti wa vyuo. La mwisho lilikuwa 2021, lijalo 2029. Wanataka kujua utawaletea makala gani. Kwa mkataba wa kufundisha tu hawaliulizi sana, wanauliza kama Septemba unaweza kubeba somo ambalo hukulitunga wewe. Jibu ni ndiyo, na uwe umelisoma.

Mikataba ya namna hiyo ndiyo mlango niliopitia. Hutoka Mei hadi Julai, mhadhiri wa kudumu anapopata fedha za utafiti au likizo ya uzazi na idara inabaki na mashimo kwenye ratiba. Muda huo wengi wameshakata tamaa. Kila tangazo lina jina la mtu wa kuulizwa, muulize swali moja tu: "Ni masomo gani hasa yanahitaji mwalimu?" Nilijibiwa mawili kwa majina, nikayaweka kwenye aya ya kwanza ya ombi.

Fedha: chuo kikishakupa cheti cha udhamini (hati ya mwajiri ya kuombea viza, si wale wadhamini wa barua), viza ni mamia kadhaa ya pauni, na ada ya afya pauni 1,035 kwa kila mwaka inalipwa yote kwa mkupuo kabla hujaondoka. Kuna cheti cha kifua kikuu pia. Waombe watu wa rasilimali watu wathibitishe kwenye cheti cha udhamini kwamba watakugharimia mwanzo. Wasipothibitisha, unatakiwa uonyeshe pauni 1,270 zilizolala benki siku 28. Majibu huchukua kama wiki tatu, kwa hiyo ofa ya mwisho wa Julai inakubana kweli. Nilitua siku nne kabla ya mhadhara wa kwanza.

Mkataba wangu unaisha 31 Agosti. Jedwali liko wazi hapa pembeni, lina sifa tisa za lazima, na ya saba bado sijaipatia ushahidi.