Hesabu mahindi kabla ya kununua yurea

Mvua za Machi zikianza, wakulima wa Masindi na Kiryandongo, Uganda, wanaulizana dukani: mbolea gani? Swali ni zuri, ila linatanguliwa na lingine: shambani kuna mimea mingapi? Yurea hailishi pengo.

Chukua kamba ya mita 13 na sentimita 33. Wiki mbili baada ya mahindi kuota, inyooshe kwenye mstari mmoja. Ikiwa mistari imeachana sentimita 75, hapo una mita 10 za mraba. Waliopanda 75 kwa 30, mbegu moja kila shimo, wahesabu mimea 44. Rudia sehemu tano, na tafadhali usichague zilizopendeza. Ukipata 28, zaidi ya theluthi haipo, na utapalilia ekari nzima vilevile.

Sasa tafuta sababu. Fukua shimo tupu. Punje ikiwa imeoza sentimita 12 chini, ilizikwa. Kina cha 5 kinatosha. Ukikuta mche umelala, umekatwa usawa wa udongo, chokoa kwa kidole: mara nyingi sota, kiwavi anayekata miche, yupo pale pale, amejikunja. Punje nzima isiyoota huenda ni mbegu mbovu, na hiyo ungeijua mapema kwa kufunga punje 100 kwenye kitambaa chenye unyevu siku saba. Zikiota chini ya 85, zirudishe.

Wengi, kwa kutoamini mbegu, hutia nne kwa shimo. Naelewa hofu hiyo, lakini zikiota zote bila kupunguzwa, zinanyang'anyana maji na chakula, na magunzi yanatoka membamba. Wiki ya pili, ng'oa zilizozidi, udongo ukiwa na unyevu.

Kuziba mapengo? Ndani ya wiki moja ya kuota tu. Mahindi yaliyochelewa hufunikwa na wenzake, yakatoa mabua bila punje. Afadhali utie maharage.

Idadi ikikaa sawa, ndipo mbolea. DAP, mbolea ya kupandia, kizibo kimoja cha soda kwa shimo la 75 kwa 60 lenye mbegu mbili, kisha udongo kidogo juu yake, ndipo mbegu, kwani zikigusana mbegu inaungua. Yurea mahindi yakifika magotini, baada ya palizi, kiganja kimoja kutoka kwenye shina, na uifukie siku hiyo hiyo. Ikiachwa juu, sehemu yake inapotea hewani.