Nilivyolinganisha vifo vya wodi bila kuwaonea wanaopokea mahututi

Ukipanga wodi kwa asilimia ya vifo peke yake, lawama zote zitaishia kwa wanaopokea wagonjwa waliozidiwa. Hilo limewahi kutokea hata kwa wakubwa: serikali ya Marekani ilipotangaza takwimu za vifo vya hospitali mwaka 1986, kituo kilichoonekana kibaya kupita vyote kilikuwa cha kuhudumia watu walio katika siku zao za mwisho.

Mimi nashughulikia takwimu za ubora hospitalini, na wodi ya magonjwa ya ndani ndiyo ilikuwa ikisemwa kila kikao. Matroni wake aliniambia, "Mwanangu, wenzetu wanaletewa watu wanaotembea. Sisi tunaletewa walioshindikana kwingine." Nikaona anastahili kujibiwa kwa hesabu.

Hesabu yenyewe haina uchawi. Kwa kila mgonjwa unakadiria uwezekano wa kufa kutokana na umri, ugonjwa uliomleta, hali aliyofika nayo na magonjwa sugu aliyonayo. Kwa hayo ya mwisho nilitumia alama za Charlson za mwaka 1987, orodha inayopa kila ugonjwa sugu alama kulingana na uzito wake, ambapo kisukari kisicho na madhara kinapewa 1, ugonjwa mkubwa wa figo 2, na saratani iliyosambaa 6. Ukijumlisha makadirio ya wagonjwa wote wa wodi unapata vifo vilivyotarajiwa, kisha unagawanya vilivyotokea kwa vilivyotarajiwa. Uwiano ukizidi 1, kuna jambo la kuulizwa.

Kazi nzito ilikuwa kwenye mafaili. Nakumbuka mzee aliyelazwa kwa nimonia. Orodha ya magonjwa yake iliyoandikwa mwishoni ilisema figo zimeshindwa kufanya kazi, na programu ikampa alama za mgonjwa wa figo. Nikafungua majibu ya maabara: siku aliyofika kreatinini, kipimo cha damu kinachoonyesha figo zinavyofanya kazi, ilikuwa ya kawaida. Ilianza kupanda siku ya nne, akiwa kwenye jentamaisini, antibiotiki inayoweza kudhuru figo, na karatasi ya kuandika maji anayopewa na mkojo anaotoa ikiwa na nafasi tupu usiku mzima. Figo zile ziliharibikia mikononi mwetu! Tungezihesabu kama mzigo aliokuja nao, vifo vilivyotarajiwa vingepanda na wodi ingesifiwa kwa madhara iliyoyasababisha yenyewe.

Basi nikaweka sharti moja nisilolilegeza: kinachoingia kwenye hesabu ni kile kilichojulikana kabla ya kulazwa au kilichoonekana ndani ya saa 24 za mwanzo. Watu wa kumbukumbu walikubali kuweka alama mbele ya kila ugonjwa, "alikuja nao" au "umempata hapa". Medicare, bima ya afya ya serikali ya Marekani hasa kwa wazee, ilianza kudai alama ya namna hiyo mwaka 2007, na sioni kwa nini hospitali yoyote isubiri kulazimishwa.

Vipimo vilivyokosekana navyo vina hila. Programu ilikuwa ikimtupa nje kila mgonjwa asiye na majibu kamili, na wengi wa hao ni waliokufa kabla damu haijafika maabara. Niliwarudisha wote, "hakupimwa" nikaifanya kundi linalojitegemea.

Matokeo yalipotoka, uwiano wa wodi ya matroni ulikuwa chini ya 1. Uliozidi ulikuwa wa wodi ya upasuaji, ambayo hakuna aliyewahi kuitilia shaka kwa kuwa vifo vyake ni vichache. Hapo nilijizuia kukimbilia hukumu. Vifo 12 pale palipotarajiwa 8 vinatoa uwiano wa 1.5, lakini kwa idadi ndogo hivyo mipaka ya uhakika ya asilimia 95 inaanzia karibu 0.78 hadi 2.62, yaani uwiano halisi ungeweza hata kuwa chini ya 1. Huwezi kumsimamisha mtu mbele ya wenzake kwa namba kama hiyo. Unachoweza ni kwenda kuangalia.

Tukaenda. Pamoja na daktari bingwa na muuguzi kiongozi tulisoma mafaili ya waliokufa ilhali hesabu iliwapa uwezekano mdogo kabisa wa kufa. Katika kadhaa, mapigo ya moyo na presha havikuandikwa kuanzia saa nne usiku hadi alfajiri baada ya upasuaji. Zamu ya usiku ilikuwa na muuguzi mmoja. Sasa wako wawili, na orodha ya vifo vya namna hiyo inafika mezani kwa muuguzi kiongozi kila mwezi, pamoja na mafaili yake.