Kabla sijagusa maneno muhimu

Mteja anayetaka tovuti yake ionekane Google akija na orodha ndefu ya maneno anayotaka "yawe ya kwanza Google", naiweka kando kwanza. Nafungua Search Console, zana ya Google inayoonyesha jinsi tovuti inavyofanya kwenye matokeo ya utafutaji, na kutafuta kurasa zinazoonekana sana kwenye matokeo lakini hazibofywi. Kazi iko hapo. Ukurasa ulioko nafasi ya 8 huku kichwa chake ni "Nyumbani" hauhitaji makala mpya, unahitaji kichwa kinachosema kilichomo ndani.

Kisha naandaa jedwali: swali moja la msomaji, ukurasa mmoja wa kulijibu. Kurasa mbili zikigombania swali lilelile, naziunganisha, na ule dhaifu nauelekeza kwa mwenzake kwa 301, yaani amri inayompeleka msomaji moja kwa moja kwenye ukurasa uliobaki. Faili la robots.txt, linaloiambia Google kurasa zipi isizisome, nalo silipiti juujuu, maana mstari mmoja wa "Disallow: /" uliosahaulika tangu tovuti ilipokuwa ikijengwa unaizuia Google kusoma kurasa zote.

Na ile lebo ya "keywords", orodha ya maneno inayofichwa kwenye msimbo wa ukurasa? Google walishasema tangu 2009 kwamba hawaitumii kupanga matokeo, lakini bado naletewa tovuti zimejazwa nayo pomoni, jamani. Viungo vya kununua, yaani kulipa tovuti nyingine ziweke kiungo cha kuja kwenye tovuti ya mteja, sivigusi kabisa, hata mteja akinuna.