Ramani yangu ya Georgia kwa tabaka: kazi ilipofikia

Tabaka la ufalme limekamilika na wino umekauka, kwa hiyo leo naandika kazi ilipofikia. Kwa anayekutana na mradi huu mara ya kwanza: nachora kwa mkono ramani ya nchi ya Wageorgia. Chini kuna karatasi nene yenye milima na mito tu, bila mpaka wowote. Juu yake nalaza karatasi angavu, kila moja na zama zake, ili mtazamaji afunue moja baada ya nyingine.

Karatasi ya chini nimeipa muda mwingi, na sijutii. Kaskazini imesimama Kaukazi Kuu, yenye vilele vinavyopita mita 5,000 kama Shkhara. Lakini mlima unaoeleza mengi kuliko yote ni safu fupi ya Likhi, inayokata nchi katikati. Magharibi yake mvua haikatiki na mto Rioni unamwaga maji Bahari Nyeusi. Mashariki kukavu zaidi, na Mtkvari unashuka kuelekea Kaspi. Ndiyo maana tabaka la kale lina nchi mbili. Upande wa bahari kuna Kolkhi, ambako Wagiriki walikiweka kisa chao cha ngozi ya dhahabu. Mashariki kuna Kartli, na mji wake mkuu Mtskheta, pale Aragvi inapoingia Mtkvari. Huko mfalme Mirian alipokea Ukristo katika karne ya 4 kwa mahubiri ya Mtakatifu Nino, na Kanisa la Wageorgia limedumu hadi leo. Kusini ya Tbilisi, mji mkuu wa leo, nimechora mtungi, mahali paitwapo Gadachrili Gora: vigae vilivyofukuliwa hapo vina mabaki ya mvinyo wa miaka kama 8,000 iliyopita.

Sasa tabaka nililolimaliza, ambalo nalipenda zaidi. Wengi tungetarajia ufalme wa Georgia uanzie Tbilisi uenee nje. Haikuwa hivyo. Tbilisi ilikaa karne kadhaa mikononi mwa maamiri Waislamu. Ukoo wa kifalme wa Bagrationi ulijijenga Tao-Klarjeti, kwenye mabonde ya mto Chorokhi, sehemu ambayo leo iko kaskazini-mashariki mwa Uturuki. Ashot I aliweka makao yake Artanuji katika karne ya 9, na watawa wakajaza mabonde yale monasteri. Kanisa la Oshki, la karne ya 10, bado limesimama. Kutoka ukoo huo akatoka Bagrat III, ambaye mwaka 1008 aliunganisha magharibi na mashariki chini ya taji moja. Tbilisi yenyewe ilikuja baadaye sana: mfalme David IV aliwashinda Waturuki Waseljuki huko Didgori mwaka 1121, akaingia mjini mwaka uliofuata. Kwa hiyo rangi nyekundu nimeianza kusini-magharibi, ikapanda hadi kuvuka Likhi. Zama za malkia Tamar (1184–1213) ndipo inapofika mbali kuliko wakati wowote. Nchi zilizokuwa zikilipa kodi tu nimezitia mistari myembamba badala ya rangi kamili.

Tabaka la mgawanyiko liko kwenye penseli. Baada ya uvamizi wa Wamongolia na wa Timur, ufalme ulivunjika ukawa falme tatu: Kartli na Kakheti mashariki, Imereti magharibi. Kisha mwaka 1555, kwa mkataba wa Amasya, Waothmani wakajitwalia magharibi na Wasafawi wa Uajemi mashariki, na Likhi ikawa tena mstari wa kugawa. Mwanzoni mwa karne ya 17 Shah Abbas aliihujumu Kakheti na kuhamisha umati wa watu wake hadi Uajemi. Wazao wao wako Fereydan, upande wa Isfahan, na wapo wanaoongea Kigeorgia mpaka sasa. Ni takriban kilomita 1,000 kutoka Tbilisi, nje kabisa ya karatasi yangu. Nimeamua kugundisha kipande cha ziada kwenye kona ya kulia chini. Ramani ya taifa hili isiyowaonyesha watu wale ingekuwa pungufu, hata kama umbo lake lingependeza zaidi.

Mwaka 1783 Erekle II, mfalme wa Kartli na Kakheti zilizokuwa zimeungana, alitafuta ulinzi wa Urusi. Mwaka 1795 Agha Mohammad Khan, mtawala wa Uajemi, aliiteketeza Tbilisi bila msaada wa Warusi kufika, na mwaka 1801 Urusi ikaimeza Kartli-Kakheti. Haya yatakaa kwenye tabaka hilohilo.

Baada ya hapo ni karne ya 20: uhuru wa tarehe 26 Mei 1918, kuingia kwa Jeshi Jekundu la Wasovieti mwaka 1921, uhuru tena tarehe 9 Aprili 1991. Vita vya Abkhazia, eneo la kaskazini-magharibi lililojitenga, viliwang'oa Wageorgia zaidi ya 200,000 kwenye makazi yao. Kando ya mto Enguri, unaopita mpakani mwa Abkhazia, nitaweka mstari wa nukta, na kutoka hapo mishale ya kwenda Zugdidi, Kutaisi na Tbilisi, ambako wengi wao walihamia.